SAYYID BARGHASH BIN SAID NA MAJI YA CHEMCHEM

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote, aliyejaalia kila kilicho hai kutokana na maji. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Sahaba zake na wote wanaofuata nyayo zao kwa wema mpaka siku ya Kiyama. Ama baad.



Kila siku kabla hatujaingia darasani tunapita kwenye birika, tunafungua mfereji, tunatia udhu na kwenda zetu. Hatufikirii kitu. Siku maji yanapokatika ndipo utaona madumu na ndoo zimepangwa foleni, na mwalimu anatwambia kila mmoja atumie kopo moja tu. Siku hiyo tunajua kuwa maji ni neema, na kwamba kuna mtu aliyehangaika mpaka yakatufikia.

Kwa sababu hiyo, mwaka huu tumechagua kuwaelezea maisha ya mtu ambaye jina lake linajulikana na wengi, lakini wengi humjua kwa majumba yake tu. Huyu ni Sayyid Barghash bin Said bin Sultan, Sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Sisi tutamtazama zaidi kwa upande wa maji: chemchemi aliyoivuta mpaka mjini, hamamu alizozijenga, na mwisho wa umri wake alipokuwa akitafuta siha. Hatutaficha makosa yake, kwani alikuwa mwanadamu kama sisi, na katika makosa ya waliotangulia kuna mafunzo kama yalivyo katika mema yao.

KUZALIWA NA KUKULIA

Sayyid Barghash alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliyeupenda sana mji wa Unguja mpaka akauhamishia makao yake kutoka Maskati. Mama yake alikuwa Mhabeshi. Watoto wa Sayyid Said walikuwa wengi, na walikulia katika majumba ya kifalme, la kwanza likiwa lile la Mtoni, kaskazini ya mji, pembezoni mwa bahari na karibu na mto wa maji matamu. Mto huo ulikuwa mashuhuri. Merikebu nyingi zilizofika Unguja zilikwenda Mtoni kujaza maji kabla ya kuendelea na safari.

Katika jumba la Mtoni kulikuwa na hamamu. Na katika mwaka 1850 Sayyid Said alijenga nyingine kule Kidichi, shambani, kwa ajili ya mkewe Shahrzad, aliyekuwa mjukuu wa mfalme wa Uajemi. Hamamu hiyo ipo mpaka leo. Ndani yake kuta zimepambwa kwa maua na ndege waliochongwa katika chokaa, kwa ufundi wa Kiajemi. Kwa hivyo Barghash alikua akiyaona mambo haya kwa macho yake: nyumba ya kuogea yenye kuba, maji ya moto na ya baridi, na watu wakitoka humo wametakata na wamechangamka.

HAMAMU NI NINI?

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wadogo hawajui hamamu ni kitu gani. Si bafu la nyumbani. Hamamu ni jengo zima la kuogea, lenye vyumba vinavyofuatana. Cha kwanza ni cha kubadilishia nguo na kupumzika. Kinachofuata ni cha joto la wastani, ili mwili usishituke. Cha ndani kabisa ndicho chenye joto kali. Moto hukokwa chini au pembeni ya jengo, ukapasha maji na sakafu, na mvuke ukajaa chumbani. Paa huwa ni kuba lenye vitundu vidogo vya kuingiza mwanga. Mtu hukaa akatoka jasho, taka za ngozi zikalainika, akasuguliwa, kisha akajimwagia maji ya baridi.

Ujenzi wa namna hii ulikuwepo kwa Warumi kabla ya Uislamu. Waislamu walipofungua nchi za Sham waliukuta, wakauchukua na kuutengeneza kwa mujibu wa dini yao. Katika nchi ya Jordan ipo mpaka leo hamamu ya zama za Bani Umayya iitwayo Qusayr Amra, iliyojengwa katika karne ya nane ya miladi. Baadaye hamamu zilienea katika miji mingi ya Waislamu, kama Damascus, Cairo, Baghdad, Isfahan na Istanbul, na mara nyingi zilijengwa karibu na misikiti.

Sababu ya kupendwa kwake haikuwa starehe peke yake. Dini yetu imeufungamanisha usafi na ibada. Mwenye janaba hasali mpaka akoge, na siku ya Ijumaa tumehimizwa kuoga. Katika mji ambao nyumba nyingi hazina maji, hamamu ilikuwa msaada mkubwa kwa Muislamu kutimiza faradhi yake. Wanavyuoni nao wakaweka adabu zake: mtu ajistiri uchi wake, ainamishe macho, asifanye israfu ya maji, na wanaume wasichanganyike na wanawake. Imamu Al-Ghazali alifundisha kuwa muogaji anapohisi joto la hamamu akumbuke joto la Moto wa Jahannamu. Angalieni jinsi waliotutangulia walivyoweza kuifanya hata starehe ya kuoga iwe ni ukumbusho.

FITNA YA UFALME

Tarehe 19 Oktoba 1856 Sayyid Said alifariki dunia baharini, akiwa njiani kurudi Unguja kutoka Oman. Barghash alikuwa naye merikebuni. Hakukubali mwili wa baba yake uzikwe baharini, bali aliuleta Unguja ukazikwa. Lakini usiku uleule alijaribu kuushika ufalme kabla ya ndugu yake mkubwa, Sayyid Majid. Hakufanikiwa. Majid akawa Sultani wa Zanzibar, na ndugu yao Thuwaini akabaki kutawala Oman.

Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 alifanya njama ya kumpindua Majid, akisaidiwa na baadhi ya Waarabu wa kabila la Harthi. Dada zake wawili, Khole na Salme, nao walikuwa upande wake. Salme alikuwa kijana mdogo, lakini kwa kuwa alijua kuandika, yeye ndiye aliyeandika barua za siri za kundi lile. Siri ikatoka. Nyumba ya Barghash ikazungukwa na askari, mpaka wakakosa maji na chakula. Akatoroka usiku akiwa amevaa nguo za kike, akakimbilia shamba la Marseilles. Huko kukapigwa vita, Majid akisaidiwa na mabaharia wa Kiingereza. Watu wengi walikufa. Mwisho Barghash akajisalimisha, akapelekwa uhamishoni Bombay, Bara Hindi.

Hebu tuzingatie hapa. Watoto wa baba mmoja, waliokula sinia moja, wakafika kupigana kwa mizinga. Walipata nini? Barghash alipata uhamisho. Majid alipata deni kwa wageni waliomsaidia, na tangu siku hiyo Waingereza walizidi kuwa na neno katika nyumba ya kifalme. Familia inapogawanyika, jirani ndiye anayekuwa mwamuzi.

Barghash alikaa Bombay kiasi cha miaka miwili. Mji ule ulikuwa mkubwa, wenye viwanda, bandari na reli. Mwaka 1860 ndipo watu wa Bombay walipoanza kuletewa maji kwa mabomba kutoka ziwa la Vihar, lililoko nje ya mji wao. Kwa hivyo kijana huyu wa kifalme aliishi katika mji uliokuwa unatoka katika maisha ya visima na kuingia katika maisha ya mabomba. Mwaka 1861 akaruhusiwa kurudi Unguja, akakaa kimya akisubiri.

MJI WENYE KIU NA MARADHI

Ili tujue thamani ya alichokuja kukifanya, inatubidi tujue hali ya mji ilivyokuwa. Mji Mkongwe umejengwa juu ya mawe ya matumbawe, na bahari imeuzunguka karibu pande zote. Visima vyake vilikuwa vya maji ya chumvichumvi, na vingi vilikuwa karibu na makaro ya vyoo na makaburi. Mvua ikinyesha, uchafu ulishuka ardhini mpaka visimani. Aliyeweza alituma watu kumletea maji matamu kutoka mbali kwa mitungi. Aliyekuwa hana, alikunywa yale yale.

Kipindupindu kiliingia Unguja mwaka 1858 na kuendelea hadi 1859. Kikarudi tena mwishoni mwa mwaka 1869 na kuendelea 1870, na mara hii kiliua maelfu ya watu. Daktari mmoja wa Kiskochi aliyekuwa akiishi mjini, James Christie, alifuatilia ugonjwa ule mtaa kwa mtaa na baadaye akauandikia kitabu kilichotoka mwaka 1876. Leo tunajua kuwa kipindupindu huletwa na vijidudu vinavyoishi katika maji na chakula kilichoingiwa na choo. Wakati ule watu wengi duniani, hata Ulaya, walidhani kinaletwa na hewa mbaya. Mama alimchotea mwanawe maji kisimani kwa mapenzi, kumbe ndani ya maji hayo mna mauti.

Katika mwezi wa Oktoba 1870, mji ukiwa bado na majonzi ya maradhi hayo, Sayyid Majid alifariki dunia. Barghash, aliyeutafuta ufalme kwa nguvu mara mbili akaukosa, safari hii ukamjia mwenyewe bila ya kumwaga damu. Allah humpa ufalme amtakaye, kwa wakati autakao Yeye.

MITIHANI YA MWANZO

Miaka ya mwanzo ya utawala wake haikuwa myepesi. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja. Kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa, kikazamisha merikebu zilizokuwa bandarini, pamoja na za Sultani mwenyewe. Pemba iliokoka kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana baada ya hapo Pemba ikawa ndiyo yenye karafuu nyingi.

Mwaka uliofuata ukaja mtihani mwingine. Waingereza walimtaka azuie biashara ya watumwa baharini, wakatishia kuizingira Unguja kwa manowari. Tarehe 5 Juni 1873 alitia saini mkataba, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Hapa lazima tuseme ukweli. Utajiri wa mji ule, pamoja na majumba yake na mashamba yake ya karafuu, ulisimama juu ya migongo ya watu waliotekwa bara na kutumikishwa. Dini yetu imemfanya yule anayemuuza mtu huru kuwa ni katika watu watakaokuwa na ugomvi na Allah Siku ya Kiyama, na imeifanya ibada ya kuacha huru kuwa ni kafara na ni njia ya Pepo. Waliofanya biashara ile na kujiita Waislamu hawana hoja ya dini. Utumwa wenyewe ulibaki kuwa halali kwa sheria ya Zanzibar hadi mwaka 1897, miaka tisa baada ya kufa kwake Barghash.

Mwaka 1875 alisafiri kwenda Uingereza, akaonana na Malkia Victoria, na akapita Ufaransa pia. Katibu wake, Zahir bin Said, aliiandika safari hiyo kwa Kiarabu ikawa kitabu. Aliporudi alikuwa na hamu kubwa ya kuujenga mji wake.

MAJI YAFIKA MJINI

Katika kazi zote za Sayyid Barghash, ambayo iliwagusa watu wengi zaidi ni hii. Nje ya mji, upande wa kaskazini, kulikuwa na chemchemi iitwayo Chemchem. Aliamrisha maji yake yavutwe mpaka mjini. Chemchemi ipo juu kidogo kuliko mji, hivyo maji yaliweza kuteremka yenyewe kwa uzito wake, bila ya mashine, kupitia katika mifereji na mabomba.

Tufikirie ilivyokuwa. Mtu aliyezoea kuamka alfajiri, kupanga foleni kisimani, kuvuta kamba mpaka mikono ikachubuka na kupata ndoo moja ya maji ya chumvi, sasa anapata maji matamu katika mtaa wake. Merikebu nazo zikajaza maji bandarini. Misikiti ikapata maji ya udhu. Maskini na tajiri wakanywa chemchemi moja.

Tunajua katika mafunzo ya Mtume (S.A.W.) kuwa kuwapa watu maji ni katika sadaka bora. Sahaba Saad bin Ubada (R.A.) alichimba kisima akakifanya sadaka kwa ajili ya mama yake aliyefariki. Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma kule Madina na kuwaachia Waislamu wachote bila ya malipo. Aliyevuta maji ya Chemchem alifuata njia hiyohiyo, nasi tunamuomba Allah amkubalie.

HAMAMU YA WATU WOTE

Maji yalipopatikana, hamamu nayo ikawezekana. Baba yake alijenga hamamu za nyumba ya kifalme. Barghash alijenga moja ndani ya mji kwa ajili ya watu kwa jumla. Alimpa kazi fundi wa Kiajemi, Haji Gulamhussein, na jengo hilo likaupa mtaa jina lake: Hamamni. Ukiingia leo utaona ukumbi wa mbele, vyumba vya kunyolea, birika za maji ya moto na ya baridi, sakafu zake na kuba zenye vitundu vya mwanga. Hamamu hiyo ilitumika mpaka kiasi cha mwaka 1920. Sasa haina maji, imebaki kuwa kumbukumbu inayotembelewa na wageni.

Vilevile alijenga jumba la Marhubi, baina ya mwaka 1880 na 1882, kwa ajili ya wanawake wa nyumba yake, nalo likawa na hamamu nzuri ya Kiajemi. Jumba hilo liliungua moto mwaka 1899. Paa na sakafu za mbao ziliteketea, zikabaki nguzo, birika za maji na hamamu yenyewe, ambayo kuta zake ni za mawe na chokaa. Anayepita Marhubi leo huona nguzo zimesimama hazibebi kitu. Hakika hilo ni funzo kwa mwenye macho. Na Beit al-Ajaib, aliyoijenga mwaka 1883 ikawa ndilo jumba refu kuliko yote mjini, sehemu yake kubwa iliporomoka mwezi wa Disemba 2020.

KAZI NYINGINE ZA KHERI

Sayyid Barghash alinunua meli za moshi zilizokwenda Bombay kuleta mchele na bidhaa nyingine, na bei za vitu zikashuka. Katika meli hizo aliwachukua mahujaji bila ya nauli. Kwa hivyo mtu wa kawaida, ambaye hapo awali angelisafiri kwa jahazi kwa miezi na kwa gharama kubwa, aliweza kuifikia Makka na kutekeleza nguzo ya tano ya Uislamu. Pia aliweka mtambo wa kupiga chapa Unguja, ukachapisha vitabu vya dini na fiqhi ya Kiibadhi, kikiwemo kitabu kikubwa kiitwacho Qamus al-Sharia.

MAKOSA YASIYOFICHIKA

Pamoja na hayo, hakuwa mtu asiye na lawama. Alikuwa mkali kwa wanaompinga. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi na baba wa Sheikh al-Amin, alitiwa jela kwa amri yake, na hakutoka mpaka Barghash alipofariki. Mtawala aliyeeneza vitabu alimfunga mwenye elimu kwa sababu walikhitilafiana katika madhehebu. Tunalitaja hili ili vijana wetu wajue kuwa kukhitilafiana katika mas'ala ya dini hakuhalalishi dhulma.

La pili ni la dada yake. Salme, yule aliyemwandikia barua mwaka 1859, aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani na kuiacha dini yake. Mumewe akafariki, akabaki na watoto ugenini. Mwaka 1885 alirudi Unguja akiwa pamoja na manowari za Wajerumani, akitaka urithi wake na kupatana na ndugu zake. Barghash hakukubali kuonana naye. Ni kweli kuwa lililotokea lilikuwa zito kwa familia ya Kiislamu, na ni kweli kuwa Wajerumani walimtumia dada huyo kwa siasa zao. Lakini sisi tunapoisoma habari hii tunajiuliza: lau watoto wale wasingeingizwa katika fitna ya ufalme tangu wadogo, je, udugu wao ungekatika namna ile? Kila mzazi na ajiulize katika nyumba yake.

MWISHO WA SAFARI

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya huzuni. Mwaka 1884 Carl Peters alipita bara akiwatilisha saini machifu. Mwaka 1885 manowari za Kijerumani zikasimama mbele ya jumba lake, mizinga ikielekea mjini. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakakubaliana wao kwa wao kuwa Sultani abaki na visiwa na ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi tu. Nchi iliyokuwa ikisemwa kuwa ngoma ikipigwa Unguja hucheza watu wa maziwa makuu, ilikatwa vipande mbele ya macho yake.

Huku afya yake nayo ilikuwa inaondoka. Mapema mwaka 1888 alisafiri kwenda Maskati kutafuta siha. Oman ni nchi yenye chemchemi za maji moto ambazo watu wamezitumia kwa muda mrefu kujitibu maumivu ya viungo na maradhi ya ngozi, kama ile ya Bausher karibu na Maskati, ya Nakhal, na Ain al-Kasfah ya Rustaq ambayo maji yake hufika kiasi cha nyuzi joto 45. Maji hayo ni ya mvua iliyozama chini sana ardhini. Huko kuna joto, na maji yakiwa moto huyeyusha madini ya miamba, kisha hupanda juu kwa kupitia kwenye nyufa. Ni katika ajabu za kuumba kwake Allah. Mwenye maumivu akikaa ndani yake misuli hulegea akapata nafuu, lakini hakuna chemchemi inayozuia ajali.

Sayyid Barghash alirudi Unguja tarehe 26 Machi 1888, na siku hiyohiyo, baada ya saa chache, akafariki dunia. Akazikwa katika makaburi ya kifalme, karibu na baba yake. Ndugu yake Khalifa akashika nafasi yake, na miaka miwili baadaye, mwaka 1890, Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Ndugu wasomaji, tukiyapima maisha haya tutaona jambo moja. Alivyovipigania Barghash kwa nguvu zaidi ndivyo vilivyomtoka upesi. Ufalme aliutafuta kwa upanga akaukosa. Bara aliyoirithi ikachukuliwa. Jumba la Marhubi likaungua. Lakini ndoo ya maji aliyoteka bibi kizee kwenye mfereji wa mtaani kwao, akamnywesha mjukuu wake asipate maradhi, na hujaji aliyefika Arafa bila ya nauli, hayo hayaungui wala hayachukuliwi.

La pili, wanafunzi wapenzi, si lazima mtu awe Sultani ndipo awape watu maji. Anayefunga mfereji aliouona ukivuja amewapa watu maji. Anayeosha birika ya msikiti amewapa watu maji. Darasa linalochangishana kununua tangi la madrasa limefanya kazi ileile ya Chemchem, kila mmoja kwa kadiri yake. Na asiyetupa taka karibu na kisima amewakinga jirani zake na maradhi yaliyowaua maelfu mwaka 1870.

La tatu, tutunze usafi wa miili yetu kama walivyoutunza waliotutangulia. Wao walijenga majumba mazima kwa ajili ya kuoga. Sisi tuna maji ndani ya nyumba, na bado wengine wanasubiri kuamrishwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) amsamehe Sayyid Barghash bin Said makosa yake, amlipe kwa mema yake, awarehemu wote waliobeba mawe na kuchimba mifereji ile ambao majina yao hayakuandikwa, na atujaalie sisi kuacha nyuma yetu kheri yenye kuendelea. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Sayyid Barghash alitawala kuanzia mwaka gani mpaka mwaka gani?
2. Kwa nini visima vya Mji Mkongwe vilikuwa vinaleta maradhi?
3. Taja adabu tatu za kuoga katika hamamu.
4. Kwa nini maji ya Chemchem yaliweza kufika mjini bila ya mashine?
5. Waulize wazee wa mtaani kwenu: kabla ya mabomba walikuwa wanachota maji wapi, na nani alichimba kisima hicho? Andika majibu yao uje nayo madrasa.

Wabillahi tawfiq.